Maji ya ziwa kwa samaki wa mtoto

Juma lililopita, tulipotoka mkutanoni, mama mmoja alinivuta pembeni: «Mama, samaki wa mtoto wangu wanakufa kila nikibadilisha maji. Ninakosea wapi?» Nilicheka, maana nami nimepita hapo.

Kijana wangu aliletewa na wavuvi wa hapa Uvira samaki wale wadogo wanaokaa ndani ya magamba matupu ya konokono. Akawaweka katika chombo cha kioo. Siku ya posho, mimi ninayependa usafi, nilimwaga maji yote, nikasugua kioo na mawe kwa javeli, nikajaza maji ya bomba. Asubuhi samaki wote saba walikuwa wanaelea. Mtoto hakulia. Alinyamaza siku nzima, na hicho ndicho kiliniuma.

Nilifanya makosa matatu. Javeli iliyobaki kwenye mawe inaua samaki, na dawa iliyo katika maji ya bomba vilevile. La pili, maji ya Tanganyika si kama maji ya mvua. Ruzizi inaleta madini kutoka Kivu, nchi ya volkano, na maji mengi ya ziwa yanatoka kwa kukaushwa na jua, madini yakibaki. Samaki wetu wamezoea maji hayo mazito. Ukiwabadilishia ghafla, mwili wao unashindwa. Wazungu wanaofuga samaki hawa Ulaya wananunua chumvi za madini ili watengeneze maji yanayofanana na haya tunayofulia nguo!

Kosa la tatu ndilo kubwa. Mavi ya samaki na chakula kilichobaki vinatoa sumu. Kwenye mawe na mchanga kuna vijidudu vidogo visivyoonekana vinavyokula sumu hiyo. Ukisugua kila kitu, umewaua wafanyakazi wako. Na katika maji ya ziwa letu sumu hiyo inakuwa kali zaidi. Kwa hiyo chakula kiwe kidogo, na usibadilishe maji yote: toa sehemu moja kwa tano kila juma, basi.

Namna ya kuchota. Usichote penye midomo ya mito, wala karibu na mahali watu wanapofulia na kujisaidia, wala siku mbili tatu baada ya mvua kubwa. Omba mvuvi akuletee kutoka mbali na ukingo, penye maji meupe. Hata wenzetu wa pwani ya bahari wanaofuga samaki wa matumbawe wanafanya hivyo: wanachota maji ya bahari wakati yamejaa, mbali na mito, kwa sababu maji ya mto yanapunguza chumvi na kuleta uchafu. Usimtume mtoto kuingia ziwani kwa miguu penye majani na konokono. Hapo ndipo kichocho kinapompata.

Chuja maji kwa kitambaa safi kisichokuwa na sabuni, yaache katika bidoni siku mbili, mahali penye kivuli. Udongo utashuka chini, na vidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa. Mimina polepole, ukiacha tope. Usiyachemshe: yakichemka, sehemu ya madini inaganda chini ya sufuria. Maji ya samaki hayachemshwi. Maji ya watoto yanachemshwa.

Na hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri. Siku mbili zinaua kichocho, haziui kipindupindu. Mwezi mmoja baada ya samaki kufa, nilimkuta mtoto wangu wa mwisho, miaka mitatu, ameshika kikombe mbele ya bidoni ya samaki. Maji yalikuwa meupe, mazuri, yanavutia. Nilimnyang'anya kabla hajanywa, nikakaa chini kwa sababu magoti yalilegea. Sisi wa Uvira tunajua kipindupindu kinavyoingia nyumbani usiku na kutoka na mtu asubuhi.

Tangu siku hiyo bidoni ya samaki ina kitambaa chekundu shingoni, iko nje ya jikoni, juu, imefungwa. Haina kikombe chake. Mpira wa kunyonyea maji hauwekwi mdomoni. Tunautia maji kwanza ndipo tunaushusha. Maji yanayotolewa kwenye kioo yanamwagwa kwenye migomba, si kwenye beseni la vyombo. Na kila anayegusa maji hayo ananawa mikono kwa sabuni, hata baba.

Kijana wangu ana samaki wapya wanne. Juzi aliniita nione mama samaki akifukuza kidole chake kwenye kioo, kwa sababu ndani ya gamba kulikuwa na watoto. Nilimwelewa kabisa yule mama.

Tuonane juma lijalo.