Sindano na Mtoto Mchanga

Juma lililopita nilimsindikiza binti wa ndugu yangu kliniki, akimpeleka mtoto wake wa siku tatu kuchanjwa chanjo ya kifua kikuu. Mwuguzi alimtwaa mtoto, akamwambia mama angoje nje. Mara tukasikia kilio kikubwa, na mama naye akatokwa na machozi. Mzee mmoja aliyeketi karibu nasi akasema, "Usisumbuke, mwanangu. Mtoto wa siku tatu hajui maumivu."

Mzee yule si wa kulaumiwa. Hata madaktari wa Ulaya na Marekani walidhani hivyo miaka mingi, wakawapasua watoto wachanga kwa dawa kidogo mno ya kuondoa maumivu. Mnamo mwaka 1987 Daktari K. J. S. Anand na wenzake, huko Uingereza, walionyesha kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao na kupasuliwa hupata nafuu zaidi wakipewa dawa ya kutosha. Tangu hapo imejulikana wazi kuwa mtoto mchanga huumia kama sisi, ila hana maneno ya kusema.

Walakini sindano ndogo haihitaji dawa kali. Mwaka 2003 madaktari wa Ufaransa walitangaza habari za watoto wachanga 180 waliotolewa damu mshipani. Waliwagawa mafungu manne. Wa kwanza walinyonya maziwa ya mama. Wa pili walipakatwa na mama bila kunyonya. Wa tatu walipewa maji matupu. Wa nne walipewa maji ya sukari na chuchu ya mpira. Maumivu yalipimwa kwa alama kutoka 0 hadi 10. Alama ya kati ya walionyonya ilikuwa 1, na ya waliopewa sukari na chuchu ilikuwa 3. Lakini ya waliopakatwa tu ilikuwa 10, sawasawa na ya waliopewa maji matupu.

Basi tunajifunza kwamba haitoshi kumpakata mtoto na nguo zake. Kunyonya ndiko kunakomtuliza. Na kama hawezi kunyonya, alazwe kifuani pa mzazi, ngozi kwa ngozi, afunikwe shuka mgongoni. Majaribio yaliyofanywa Boston, Marekani, mwaka 2000, yalionyesha kuwa watoto waliolazwa hivyo walipochomwa kisiginoni walilia kidogo sana kuliko waliolazwa kitandani.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni nalo lilishauri kwamba mtoto anyonyeshwe wakati wa kuchanjwa, au muda mfupi kabla yake, na kwamba mzazi ndiye amshike. Ikiwa chanjo ni zaidi ya moja, ile yenye kuuma kidogo itangulie.

Kwa hiyo, mama, utakapofika kliniki sema kwa adabu, "Sista, tafadhali, naomba nimnyonyeshe mtoto unapomdunga." Mweke titini dakika mbili kabla ya sindano. Ngoja mpaka anyonye kwa nguvu, ndipo mwuguzi afanye kazi yake. Kisha umwache aendelee kunyonya. Nanyi akina baba, msidhani kliniki ni mahali pa wanawake peke yao. Mama akiwa mgonjwa, kifua cha baba kinafaa pia.

Nataka kuwaonya juu ya jambo moja. Maji ya sukari hospitalini hupimwa na wenye ujuzi, nayo ni matone machache tu. Usiyachanganye nyumbani, wala usimpe mtoto asali kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwa maana asali yaweza kumtia sumu ya kulegeza viungo.

Kuna mama ambaye, kwa kuhofia kilio hicho, huahirisha chanjo ya juma la sita, tena ya juma la kumi, hata mtoto akashikwa na kifaduro ambacho kingezuilika. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni kweli, lakini uchungu huo usimzuie mzazi kurudi kliniki. Binti wa ndugu yangu ameniahidi kwamba juma la sita hatangoja nje.