Elimu ya Fedha Imtangulie Mkopeshaji

Mchuuzi wa mboga akikopa shilingi 100,000 kwa sharti la kurejesha 4,500 kila siku kwa siku 30, macho yake huishia kwenye hiyo 4,500. Ataipata tu, hata biashara ikidoda. Jumla ya 135,000 haipigi hesabu. Hiyo ni riba ya asilimia 35 kwa mwezi, tena juu ya deni linalopungua kila jioni, ilhali kikomo cha Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Mikopo ya aina hiyo ndiyo huitwa kausha damu.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwataka wakopeshaji wawe na leseni na vikoba visajiliwe. Wiki ya Huduma za Fedha imefika Mwanza, Arusha na Mbeya. Maofisa wa Wizara ya Fedha wamezunguka wilayani wakionyesha filamu za mafunzo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa simu bila kibali. Juhudi hizi zinastahili shukrani.

Lakini mama lishe hafungi jiko akaenda kwenye maonyesho. Shida humfika asubuhi, mtoto anaumwa, na mwenye fedha yuko kibanda cha pili.

Wapo wasemao tatizo ni umaskini, si ujinga wa hesabu. Wana hoja, ila haitoshi. Mpango wa upatu wa DECI ulipofungwa mwaka 2009, waliokuwa wamepanda "mbegu" zao huko hawakuwa mafukara peke yao. Na walimu, watu wenye mshahara wa kila mwezi, wamekuwa wakiwakabidhi wakopeshaji kadi za benki pamoja na namba za siri. Hao nao wanahitaji kufundishwa, na mapema.

Basi elimu ipitie kwa wanaoaminiwa: mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa soko, mweka hazina wa kikoba. Ianze na mambo mawili tu: kudai kuona leseni, na kuandika jumla ya marejesho kabla ya kutia sahihi. Anayekataa kuitaja jumla hiyo aachwe na fedha zake.

Na mkopo mbadala upo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ofisa maendeleo ya jamii aende sokoni na fomu mkononi, akae na wachuuzi, awasaidie kuunda kikundi na kujaza fomu hizo papo hapo.