WITO BILA MAFUNZO UNAWEZA KUMUUMIZA MTOTO



Leo nasema na vijana wetu wa Kisii na Nyamira, hasa ninyi mnaoniambia, "Mchungaji, moyo wangu uko kwa watoto." Nawabariki. Lakini nendeni mkasome, tena someni mkiwa kazini.

Wako watakaosema wito hauhitaji cheti. Haya, tumtazame Samweli. Mungu mwenyewe ndiye aliyemwita, kwa jina lake. Lakini alikuwa tayari anahudumu chini ya mzee Eli, na sauti ilipokuja hakuitambua mpaka Eli alipomwelekeza jinsi ya kuitika (1 Samweli 3). Wito ulitoka kwa Mungu. Mafunzo aliyapata kwa mzee, akiwa kazini.

Nendeni Tabaka mkaone wachongaji wa mawe. Kijana huketi kando ya fundi, akachonga huku akirekebishwa. Jiwe likipasuka, atachukua lingine. Mtoto akipasuka moyo kwa sababu ya kutojua kwako, utachukua mwingine wapi?

Fikiria msichana wa miaka 13 anakufuata baada ya ibada, anakuambia jirani amemnajisi. Utafanya nini? Wengi wataomba naye, kisha wataita wazee wa pande zote mbili, mbuzi atolewe, yaishe. Mpendwa, hiyo si amani! Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema aliyemnajisi mtoto wa umri huo hafungwi chini ya miaka 20. Hilo si jambo la kumalizwa kwa mbuzi. Mtoto afikishwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Asiogeshwe kwanza, wala nguo zake zisifuliwe. Polisi waarifiwe. Namba 116 ni ya bure, mchana na usiku. Omba naye, ndiyo, lakini maombi yasichukue nafasi ya hospitali.

Na likizo ya Desemba je? Hapa kwetu bado kuna wasichana wanaokeketwa kwa siri, wengine mikononi mwa wahudumu wa afya. Sheria ya 2011 inakataza, hata anayefanya akiwa daktari. Nani kanisani anajua kumlinda msichana huyo bila kumfanya adui wa mama yake?

Tena tunapenda kufungua vituo vya watoto. Lakini mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke vituoni na kulelewa katika familia. Kumrudisha mtoto kwa nyanya yake kule Nyamache au Ekerenyo si kumpakia kwenye matatu tu. Lazima mtu aitembelee nyumba, asikilize, aandike ripoti, arudi tena na tena. Hiyo ni taaluma.

Ndiyo maana napenda digrii inayounganisha darasa na kazi. Huko Ujerumani, katika jimbo la Baden-Württemberg, kuna chuo kikuu ambapo mwanafunzi wa ustawi wa jamii hukaa darasani karibu miezi 3, kisha kazini miezi 3, kwa zamu hivyo kwa miaka 3, na mwajiri wake humlipa. Msiseme ni mambo ya wazungu. Walimu wetu wengi walipata digrii zao wakisoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na shule zikifunguliwa wanarudi kushika chaki. Kama mwalimu ameweza, mhudumu wa watoto atashindwaje?

Ila tahadhari mbili. Kabla ya kulipa karo, hakikisha chuo kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Na mwanafunzi asigeuzwe kibarua wa bei rahisi. Awe na msimamizi anayemrekebisha. Eli huyo huyo aliyemfundisha Samweli alijua maovu ya wanawe na hakuwazuia. Msimamizi wa namna hiyo ni hatari kwa watoto.

Sasa narudi kwetu wachungaji na wazee. Tunafanya harambee ya mabati, ya vyombo vya muziki, ya gari la mchungaji. Nasema wazi: kila kanisa lichague kijana mmoja, limlipie sehemu ya karo, limpe kazi na watoto, na limpe ruhusa siku za masomo. Paa jipya halitamsikiliza mtoto anayelia.

Baba, tuinulie vijana wenye moyo wa upendo na mikono iliyofundishwa. Wafunike watoto wa Kisii na Nyamira. Katika jina la Yesu.

Kama kanisa lenu liko tayari kumsomesha mmoja, andika AMINA, kisha Jumapili mwulize mchungaji wako mtaanza lini.