Shinyanga ilirudisha misitu kwa mila. Kibarua sasa ni kurudisha kuaminiana

SHINYANGA iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa kifupi cha HASHI, ngitili zilizokuwa zimesalia mkoani humo zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimeota tena miti na nyasi katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta inayotolewa chini ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP).

Habari hiyo husimuliwa kama ushindi wa mazingira. Ni kweli, lakini ndani yake kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana: ardhi ile haikuponywa kwa miche ya vitalu pekee, bali kwa kurejeshwa kwa utaratibu ambao Wasukuma walikuwa nao tangu zamani.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi, mifugo inapokosa nyasi. Utaratibu huo ulivurugwa mara mbili. Wakati wa ukoloni, misitu ilifyekwa kwa lengo la kutokomeza mbung'o. Katika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka katika maeneo yao ya asili, na ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe wa kuzilinda.

Wataalamu wa HASHI walipofika, hawakuleta sheria mpya kutoka Dar es Salaam. Waliwakuta wazee, wakawasikiliza. Mkutano wa jadi wa jamii, dagashida, ndio uliotumika kupanga mipaka na faini kwa anayechungia ndani ya eneo lililofungwa, na sungusungu wakasimamia utekelezaji kwa kushirikiana na serikali za vijiji. Mtu aliyeweza kumkwepa bwana misitu wa wilaya hakuweza kuwakwepa majirani zake.

Swali linalojitokeza ni iwapo nguvu hiyo ya jamii iliyofufua misitu inaweza pia kutibu jeraha lililo zito zaidi katika ukanda huo, yaani mauaji ya vikongwe wanaotuhumiwa uchawi na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino.

Majeraha hayo mawili, la ardhi na la watu, hayako mbalimbali kama yanavyoonekana. Miti ilipokwisha, akina mama wengi walilazimika kupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wake ukawaathiri macho kwa miaka mingi, na macho mekundu ya bibi kizee yakageuzwa kuwa ushahidi wa uchawi. Mtoto alipofariki kwa malaria au ng'ombe walipokufa, familia ilikwenda kwa mpiga ramli, naye akaelekeza kidole kwa mjane jirani. Mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kulikuwa na ugomvi wa mashamba na urithi.

Kwa upande wa machimbo, hali ilichukua sura nyingine. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na maelfu ya wachimbaji wadogo walimiminika katika maduara ya Geita, Kahama na Bukombe. Uchimbaji mdogo ni kazi ya kubahatisha: wawili huchimba bega kwa bega, mmoja akapata dhahabu na mwingine akatoka mikono mitupu. Katika mazingira hayo, mwenye kuuza dawa ya bahati hakosi wateja. Kuanzia mwaka 2006 na 2007, imani kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta utajiri iligeuka biashara ya mauti. Umoja wa Mataifa umetaja vifo zaidi ya 70 nchini tangu mwaka 2000.

Serikali ilijibu kwa mkono wa sheria. Januari 2009, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Machi mwaka huohuo wananchi wa Kanda ya Ziwa walipiga kura za siri kuwataja washukiwa. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya kijana mwenye ualbino wa Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina hiyo. Mwaka 2015 shughuli za wapiga ramli zilipigwa marufuku tena.

Hatua hizo zilikuwa na umuhimu wake. Hata hivyo, marufuku ya jumla ina kasoro moja kubwa: inamweka mganga wa mitishamba anayetibu kwa mizizi na magome katika kapu moja na mpiga ramli chonganishi anayetaja majina. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua wa kwanza na kumtaka ajisajili. Akifukuzwa pamoja na mhalifu, naye atajificha, na jamii itampoteza shahidi anayejua nani katika fani hiyo anafanya nini.

Historia ya Wasukuma inaonyesha kuwa uganga haukuwa siku zote chanzo cha mfarakano. Makundi mashuhuri ya ngoma ya Bagika na Bagalu yalitokana na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Ushindani wao ulihamia uwanjani, mshindi akawa yule aliyevuta watazamaji wengi. Hadi leo makundi hayo hushindana katika sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza. Ni hapohapo Kisesa ambako Septemba 2021 machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya, ishara kwamba taasisi za jadi, zilizoondolewa mamlaka ya kisheria mwaka 1963, zimerudi kusikilizwa.

Lakini kurudi kwa mila si dawa yenyewe. Ikumbukwe kuwa sungusungu, walioibuka Kahama na Nzega mapema miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, waliwahi pia kuwafukuza na hata kuwaua watu waliotuhumiwa uchawi. Dagashida inayoweza kulinda msitu inaweza vilevile kumtenga mjane asiye na mtetezi. Tofauti ni nani anaketi katika mkutano huo, na kama wanawake wanapewa nafasi ya kusema.

Kipimo halisi cha maridhiano kipo Buhangija, mjini Shinyanga, kwenye kituo kilichowapokea watoto wenye ualbino waliokimbizwa kutoka makwao. Ukuta uliwaokoa, ila pia uliwatenganisha na wazazi wao. Baadhi ya mashambulizi nchini yaliwahusisha ndugu wa karibu, hivyo kumrudisha mtoto nyumbani si suala la nauli. Kunahitaji ukoo kukaa mbele ya kijiji na kuahidi ulinzi, na kijiji kukubali kuwajibika ahadi ikivunjwa. Mauaji ya mtoto wa miaka miwili huko Muleba, mkoani Kagera, mwaka 2024 yanaonyesha kuwa hatari haijapita.

Hapo ndipo somo la ngitili linapokuwa na maana. Vijiji zaidi ya 800 viliweza kukubaliana kuhusu nyasi, vikaweka faini na kuilipisha. Kama azimio lenye uzito huohuo litapitishwa dhidi ya ramli chonganishi, na mwenyekiti wa kitongoji, mtemi wa sungusungu na mganga aliyesajiliwa wakaliwekea saini, polisi watapata taarifa kabla ya panga kuinuliwa. Bila hivyo, serikali itaendelea kufika asubuhi, baada ya usiku wa msiba.