Wapatane kwa Kipimo, Washindane kwa Bei

Mkulima wa Namawala akishauza mpunga, hufika kwa fundi simu mjini Ifakara akanunua memori kadi ya GB 32. Fundi haulizi simu ni ya kampuni gani. Anafungua mfuniko, anapachika kile kipande kidogo kama ukucha pembeni ya laini, simu inakisoma palepale, na mteja anaanza kutaja nyimbo anazotaka kuingiziwa. Kadi ni ya kampuni moja, simu ni ya nyingine. Zimewezaje kutengeneza vitu vinavyooana?

Zilipatana. Mwaka 1999 SanDisk ya Marekani, pamoja na Toshiba na Matsushita za Japani, zote zikigombea soko, zilikubaliana umbo na vipimo vya kadi ya SD, ambayo kadi ndogo ya simu ni uzao wake, na mwaka uliofuata zikaanzisha chama cha kuvisimamia. Sony ilishika njia yake, ikang'ang'ania Memory Stick. Mwaka 2010 nayo ikaanza kuuza kadi za SD. Kwa kumbukumbu za kompyuta, kazi hiyo hufanyika ndani ya JEDEC, chama cha viwango cha sekta hiyo. Humo Samsung, SK Hynix na Micron huandika kanuni pamoja, kisha kila moja hurudi kiwandani kutafuta namna ya kuzipiku nyingine.

Lakini waliozoea kukutana wanaweza kupatana hata kwa mabaya. Kuanzia 1999 hadi 2002 watengenezaji wakubwa wa DRAM, yaani kumbukumbu za kufanyia kazi za kompyuta na simu, walipanga bei kwa siri. Serikali ya Marekani iliwashtaki kadhaa wao, nao wakakiri kosa: Infineon ya Ujerumani ilitozwa faini ya dola milioni 160 mwaka 2004, na mwaka uliofuata Hynix ikatozwa milioni 185 na Samsung milioni 300. Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Washindani wakikubaliana kipimo, mnunuzi anapata uhuru wa kuchagua. Wakikubaliana bei, wanamwibia.

Bonde la Kilombero linalijua jambo hili kwa mpunga. Mnunuzi wa lumbesa hashindani na wenzake kwa bei nzuri. Anashindana kwa gunia lililojazwa hadi kuongezewa kilele. Mkulima analipwa gunia moja na kutoa zaidi ya gunia. Ukiwekwa mzani, ujanja huo unakwisha, na wanunuzi hawana budi kushindana kwa bei ya kilo.

Kampuni zetu za simu zimekwisha kuonyesha kwamba inawezekana kupatana na bado kushindana. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuwaruhusu wateja wao kutumiana pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kila moja ilibaki na makato yake na matangazo yake, na ushindani haukufa. Kilichofunguka ni njia kati yao.

Tunaandika haya wakati bei ya kumbukumbu imepanda duniani. Tangu 2025 viwanda vimeelekeza nguvu kubwa kwenye kumbukumbu za mitambo ya akili mnemba, ambayo wateja wake hulipa vizuri, na zile za simu na kompyuta za kawaida zimepungua. Soko la DRAM limeshikwa kwa sehemu kubwa mno na kampuni 3: Samsung, SK Hynix na Micron. Wauzaji wakiwa wachache kiasi hicho, uhaba wa kweli na uhaba wa kupangwa hufanana machoni pa mnunuzi. Kuvitofautisha ni kazi ya vyombo vya sheria, si ya fundi simu wala mteja wake.

Kwa hiyo tunaiomba Tume ya Ushindani ya Tanzania na wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wafuatilie bei za vifaa hivi kwa karibu na kuwaeleza wananchi wanachokiona. Wakala wa Vipimo nao wasilegeze kamba kwenye maghala ya mpunga. Na wewe msomaji, uwe unauza gunia au unanunua simu, dai kipimo kilicho wazi kwa wote, na usikae kimya bei inapopangwa gizani.