Kujifunza kwa kutatua matatizo: Mtihani wa kukariri unavyoua ari ya wanachuo

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi mwanafunzi wa chuo kikuu katika nchi zetu amezoea njia moja ya kufaulu: kuhudhuria mhadhara, kutafuta ‘madesa’, kuyakariri usiku wa kuamkia mtihani na kuyasahau mara atokapo ukumbini. Njia hiyo hutoa vyeti, lakini si lazima itoe wataalamu.

Kilio hicho si chetu peke yetu. Ndicho kilichowasukuma walimu wa shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kuanzisha mwaka 1969 mbinu ya kujifunza kwa kutatua matatizo. Uholanzi iliipokea mjini Maastricht katika miaka ya 1970. Kwa Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza nayo kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, na Makerere kikaiingiza katika kitivo chake cha tiba mwaka 2003.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Kikundi cha wanafunzi wanane hadi kumi hupewa tatizo kabla ya kufundishwa somo. Tuseme ni mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa kituo cha afya akiwa na homa na weupe wa viganja. Wanafunzi hujadili wanachokijua, huorodhesha wasichokijua, hugawana kazi, huenda kusoma, kisha hurudi baada ya siku chache kuelezana. Mwalimu hahutubii, yeye ni mwezeshaji, anayeuliza maswali na kuzuia mjadala usipotee njia.

Je, mbinu hii huongeza ari ya kusoma? Wanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wamekuwa wakieleza kwamba binadamu hujituma mambo matatu yanapotimia: anapojiona ana uamuzi katika kazi yake, anapojiona anaiweza, na anapojiona ni mmoja wa wenzake. Kikundi kinachofanya kazi vizuri huweza kutoa yote matatu. Kinyume chake, mwanafunzi aliyekaa safu ya mwisho katika ukumbi wa watu mia kadhaa huweza kuyakosa yote.

Hata hivyo, ari ni jambo moja na matokeo ya mtihani ni jambo jingine. Mwaka 2003 watafiti wa Ubelgiji na Uholanzi walipitia tafiti 43 kuhusu mbinu hii. Walibaini kuwa wanafunzi wake huwashinda wenzao katika kutumia maarifa, lakini huelekea kuwa nyuma kidogo katika wingi wa maarifa yenyewe, ingawa walichojifunza hukaa nao kwa muda mrefu zaidi. Miaka mitatu baadaye, Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika kwa ukali zaidi: mwanafunzi mgeni katika fani, akiachwa atafute mwenyewe bila mwongozo wa kutosha, huelemewa na kujifunza kidogo.

Hapo ndipo kwetu penye hatari. Kijana anayeingia chuoni ametoka katika shule zilizomzoesha kuandika kile mwalimu alichokisema. Ghafla anaambiwa ajitafutie. Kompyuta hazitoshi, vitabu vinagombewa, na mwezeshaji mmoja anapewa kikundi cha watu ishirini badala ya kumi. Ndani ya kikundi cha namna hiyo wawili au watatu husoma, na waliobaki ‘hubebwa’.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko vyote ni mtihani. Muhula mzima mwanafunzi anaambiwa ajenge hoja, kisha mwisho wa muhula anaulizwa ataje, aorodheshe na afafanue istilahi. Mwanafunzi si mjinga. Anajua kwamba anayefeli ‘anadisko’, na kwamba mkopo wake utakatika. Hivyo anarudi kwenye madesa, na mjadala wa kikundi unakuwa mzigo unaomcheleweshea kukariri. Anayelaumiwa kuwa hana ari, kwa kweli anayo. Ameielekeza pale palipo na alama.

Suala hili linazidi kuwa la haraka. Nchini Kenya, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, wanatarajiwa kugonga milango ya vyuo vikuu mwaka 2029. Tanzania nayo, katika sera ya elimu ya mwaka 2014 toleo la 2023, imesisitiza ujuzi. Vijana waliozoeshwa kuuliza wakikutana na mtihani wa kuorodhesha, kazi ya miaka yote hiyo itapotea katika muhula mmoja.

Vyuo vinavyotaka kubadilika haviwezi kuanza na semina za kuwahimiza wanafunzi wajitume. Vianze na karatasi ya mtihani. Vimpe mtahiniwa mgonjwa, daraja lililobomoka au hesabu za kampuni iliyofilisika, vimuulize angefanya nini na kwa nini. Kisha vipunguze ukubwa wa vikundi na kuwafundisha wawezeshaji kazi yao. Bila hayo, mbinu mpya itakuwa jina jipya la mazoea ya zamani, na atakayelipa gharama ni mgonjwa atakayekutana na daktari aliyefaulu kwa kukariri.