Sehemu ya 4: Kunguru hajawahi kuingia duka la dawa

Mama zangu, tangu niweke ile post ya usugu wa dawa, inbox imejaa kunguru. "Nesi, si umesema ndege wanabeba bakteria sugu? Basi wawekewe sumu wote, watoto wetu wapone." Leo nawapinga, tena waziwazi.

Kubeba wanabeba, sikatai. Nairobi, watafiti walipima bakteria wa utumboni, E. koli, kwa ndege na panya wanaoishi kwenye makazi ya watu, kaya 99. Matokeo yalitoka 2019: wamo waliokuwa sugu kwa dawa zilezile tunazotumia sisi na mifugo yetu. Hata ndege wa Aktiki, kule kwenye barafu, utafiti wa 2008 ulionyesha baadhi yao wanao.

Sasa niambieni, nani alimwandikia kunguru amoksilini?

Anakula jalalani kwetu. Pampasi zetu, mabaki ya machinjio, anakunywa mtaro uliochanganyika na maji ya choo. Bakteria aliyejifunza kuishi na dawa tumboni mwa mtu hutoka na choo, anafika mtaroni, anamwingia ndege. Ndege anaruka, anakunya kwenye simtanki lako lisilo na mfuniko. Mzigo ni wetu, yeye ni mchukuzi tu. (Na hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kusaidia kumaliza taka! Leo taka zipo, na wao wapo.) Kama mnataka wapunguzwe kwa sababu wanakula vifaranga, hiyo hoja nyingine, sina ugomvi nayo. Lakini ukiwaua wote, panya yupo, nzi yupo, kuku wako yupo, na mtaro bado uko wazi.

Kinachoniudhi ni kwamba mama huyohuyo anayelaani kunguru ana chupa ya dawa ya maji iliyobaki kabatini, ya mtoto wa kwanza, anamsubirishia wa pili akipata mafua. Mafua ni kirusi jamani! Antibaiotiki haikiui. Kinachotokea ni kwamba bakteria wa kawaida tumboni mwa mtoto wanapigwa, wanaobaki ni wale wabishi, wanazaana. Na ubishi huo wanagawiana, hata na bakteria wa aina nyingine.

Mnaona nimekuwa mkali. Kichanga akipata maambukizi kwenye damu, dawa za kuanzia ni ampisilini na jentamaisini. Zikigoma, tunapanda nyingine, ghali zaidi, na si kila hospitali inazo. Kichanga hana siku za kusubiri wakati baba anazunguka mjini kutafuta sindano. Duniani mwaka 2019 usugu huu ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa mtoto chini ya miaka mitano.

Kwa hiyo kabla ya kudai sumu ya kunguru, dai gari la taka lipite mtaani kwako. Funika simtanki. Nawa kwa sabuni ukitoka bandani, kabla hujashika chuchu ya chupa. Na muuza dawa akikupa vidonge vya rangi mbili bila cheti, virudishe, hata kama ni shemeji yako.

Wafuga kuku mnaochanganya antibaiotiki kwenye maji ya kunywa halafu mayai ya siku hiyohiyo mnatuuzia, msidhani nimewasahau. Sehemu ya 5 ni yenu.